Injini Imeshushwa na Kufungwa Upya: Kutunza Mfumo wa Kupoza Baada ya Ovahoo

Injini ikishushwa, ikafunguliwa, ikawekwa ringi mpya, hedi (kichwa cha injini) ikapelekwa kusagwa na gasketi ikabadilishwa, fedha nyingi zimeshatoka na mwenye gari anataka gari lake. Ni kwenye haraka hiyo ya mwisho ndipo mfumo wa kupoza unapofungwa ovyo: rejeta ileile yenye kutu, mfuniko uleule, mipira ileile iliyolainika, maji ya bomba, na themostati (vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) inawekwa kando kwa hoja kwamba huku kuna joto. Wiki chache baadaye gari linachemsha kwenye mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Rhotia, gasketi mpya inaungua, na lawama zote zinamwangukia fundi aliyefunga injini. Mara nyingi injini ilifungwa vizuri kabisa. Kilichoiua ni maji.

Mwongozo huu unaanzia pale kazi ya injini inapokwisha. Umeandikwa kwa kufikiria magari yanayojaa Arusha na Moshi: Vitz, IST, Corolla, Noah na Hiace za petroli, pamoja na Land Cruiser za dizeli zinazobeba watalii. Kanuni zake zinafaa hata kwa gari jingine, ila vipimo vya mwisho ni vile vya kitabu cha injini yako.

Mwinuko wa hapa una maana yake

Usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Moshi mjini, mita 800 na ushee, yanachemka kwenye takriban nyuzi 97. Arusha, karibu mita 1,400, ni nyuzi 95. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,200, ni kama nyuzi 92. Sasa fikiria kwamba injini nzima, isiyo na tatizo lolote, hufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 98. Kwa maneno mengine, Arusha maji yaliyo wazi yangekuwa yanatokota ndani ya injini iliyo salama kabisa.

Kinachoyazuia yasichemke ni presha, na presha inashikwa na mfuniko wa rejeta. Mifuniko mingi ya Toyota imeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake. Hicho ndicho kiwango cha presha inachoshika kabla ya kuachia. Mfuniko mzima wa 0.9 unapandisha kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi 20, kwa hiyo hata maji matupu hapa Arusha yatafika nyuzi 115 hivi, na yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti (kimiminika cha kupozea injini) yatapita 120. Mfuniko wenye mpira uliokatika unakurudisha kwenye 95. Kipuri hiki ni cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huu, na ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Nunua kipya, chenye namba ileile iliyoandikwa kwenye cha zamani au kwenye kitabu. Usipandishe namba ukidhani unaongeza usalama, kwa sababu presha ya ziada itatafuta mahali dhaifu, kwa kawaida tanki la plastiki la rejeta au rejeta ndogo ya hita.

Ondoa kwanza uchafu wa kazi yenyewe

Injini iliyotoka kwenye mashine ina vumbi la chuma, vipande vya aluminiamu, mchanga wa kusafishia na vipande vya silikoni ya zamani. Njia za maji ndani ya rejeta ni nyembamba, kiasi cha milimita 2 tu. Kila kilichobaki ndani ya bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, kitaishia humo.

Bloku. Fungua kizibo cha kutolea maji kilicho ubavuni mwa bloku, si cha rejeta pekee. Kama hakitoi kitu, chokonoa kwa waya: matope na kutu hupenda kutulia nyuma, karibu na silinda ya mwisho, na ndiyo silinda inayoungua kwanza. Pitisha maji ya bomba kutoka juu mpaka yatoke meupe. Wakati injini bado iko chini, badilisha vizibo vya duara vya bati vilivyopigiliwa kwenye bloku. Baadhi yake vinakaa nyuma ya giaboksi, na kikianza kuvuja baada ya injini kurudishwa, itabidi ishushwe tena kwa sababu ya bati moja.

Rejeta. Itoe, igeuze, pitisha maji kwa kinyume: yaingie kwenye mdomo wa chini, yatokee juu. Tumia presha ya bomba la kawaida, si mashine ya kuoshea magari. Kisha ipime: ziba mdomo wa chini kwa kiganja, jaza maji, achia ghafla. Yanatakiwa kumwagika kwa kishindo. Yakitiririka tu, imeziba. Rejeta ya shaba ya Land Cruiser za zamani inaweza kufunguliwa na fundi wa rejeta, ikachokonolewa na kulehemiwa upya. Ile ya aluminiamu yenye matanki ya plastiki, ikiziba au plastiki yake ikiwa imegeuka kahawia na kupukutika kwa kucha, inabadilishwa. Na usimwagie rejeta ya aluminiamu magadi makali au asidi ya kuondolea kutu. Dawa hizo zinatoboa zile kuta nyembamba, nawe utaona uvujaji siku umesahau kabisa kwamba ulisafisha.

Nje ya rejeta ni muhimu vilevile. Magari ya Tarangire na Serengeti hurudi na mbegu za nyasi na vumbi laini vilivyojibana katikati ya rejeta na kondensa ya AC. Ukitazama kwa mbele huoni kitu. Tenganisha hizo mbili ndipo utaona blanketi la uchafu. Osha kutoka upande wa injini kwenda nje, maji yakiwa ya upole, mapezi yasilale.

Hita. Hapa wengi hukosea kwa kuiruka, eti haitumiki. Maji yake ni yaleyale. Pitisha maji pande zote mbili kwenye mipira yake miwili mpaka yawe safi.

Kama gasketi ya zamani iliungua na oili ikaingia kwenye maji, suuza ya maji baridi haitoshi. Weka sabuni isiyotoa povu jingi, washa injini ifike joto la kazi, iache ingurume dakika 15, ipoe, mwaga, kisha suuza mara mbili au tatu hadi usione tena utelezi kwenye maji. Oili iliyobaki huvimbisha mipira na kuifanya laini kama ulimi.

Vipuri

Vinavyobadilishwa bila mjadala baada ya ovahoo: themostati na gasketi yake, mfuniko wa rejeta, mpira wa juu na wa chini, na klipu zake. Wotapampu ibadilishwe kama ina mchezo kwenye shafti, kama kitundu chake kidogo cha chini kina alama ya maji yaliyokauka, au kama huijui historia yake. Mkanda wenye nyufa nao utoke.

Mipira midogo mara nyingi inaachwa: ule wa baipasi (njia ya maji isiyopita kwenye rejeta), miwili ya hita na ile ya kwenye bodi ya throto. Minya kila mmoja ukiwa baridi. Ukisikia kitu kinapasukapasuka ndani, au mpira unabonyea na kubaki hivyo, umekwisha. Mpira wa chini wa baadhi ya magari una springi ndani yake; hakikisha mpya nao unayo, la sivyo pampu itaunyonya ujibane kwenye mwendo mkubwa.

Sasa themostati, kwa sababu hapa ndipo penye imani nyingi potofu. Kuitoa hakuipozi injini vizuri zaidi. Injini nyingi za Toyota zina themostati yenye sahani mbili: ya juu inafungua njia ya rejeta, ya chini inaziba njia ya baipasi. Ukiitoa, njia ya baipasi inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mlimani gari litachemsha. Asubuhi ya Julai Arusha, injini haitapata moto wa kutosha, petroli itakuwa nyingi, oili itapata unyevu, na ringi mpya hazitakaa vizuri kwenye silinda. Ndizo ringi ulizolipia juzi.

Ipime kabla ya kuifunga. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria la maji, isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Namba iliyochongwa juu yake, mara nyingi 82, ndiyo nyuzi inapoanza kufunguka. Tofauti ya nyuzi 2 huku au huku si tatizo. Ikifika 95 inatakiwa iwe imefunguka milimita 8 hadi 10. Ukiwa Arusha, maji ya sufuria yanaishia kwenye hiyo 95, kwa hiyo yakitokota nayo ikawa imefunguka hivyo, ni nzima. Ila themostati iliyoandikwa 88 haitafunguka yote kwenye sufuria wazi la hapa, na hilo si kosa lake. Usiitupe.

Unapoifunga, tafuta kile kipini kidogo kinacholegealegea pembeni mwake. Kinatakiwa kikae juu, kama akrabu ya saa 6 mchana. Hicho ndicho kinachopitisha hewa wakati wa kujaza. Kikikaa chini, hewa inakwama nyuma ya themostati, themostati inazungukwa na mvuke badala ya maji, na haifunguki kwa wakati.

Kuhusu silikoni: pale kiwandani walipoweka gasketi, weka gasketi. Pale panapotaka silikoni, mstari wa milimita 2 au 3 unatosha. Ile inayotokeza nje kama mdomo mnene imetokeza hivyohivyo kwa ndani, na siku moja itakatika na kwenda kukaa kwenye rejeta. Iache ishike kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kumwaga maji.

Na waya wa ethi. Injini ikishushwa waya huu hufunguliwa, na ni rahisi kusahaulika au kufungwa juu ya rangi na kutu. Umeme ukikosa njia ya kurudi, unapita kwenye maji, na rejeta ya aluminiamu inaliwa kutoka ndani. Ukishajaza maji, pima: waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu uzame kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma. Mtu apige starta, kisha washa taa na feni. Ukipata zaidi ya volti 0.1 hadi 0.3, rudi kwenye nyaya za ethi.

Maji na kulanti

Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floridi na chumvi nyingi. Ni habari inayojulikana kwa meno ya watu wa huku. Kuyachemsha hakuondoi chumvi hizo, kunazizidisha. Ya Moshi yanayotoka chemchemi za Kilimanjaro ni matamu kunywa, lakini nayo yana madini. Maji ya bomba yatumike kusuuza tu. Suuza ya mwisho na mchanganyiko wenyewe viwe vya maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwenye chupa kwa ajili ya kuongezea betri.

Hapo pana hatari moja. Watu wengi huita "maji ya betri" vitu viwili: maji safi, na asidi ya kujazia betri mpya. Soma lebo. Kama chupa haina lebo, usiitumie. Na ukitaka uhakika, dondosha matone machache juu ya baking soda. Ikitoa povu, ni asidi.

Kulanti si ya nchi za theluji pekee. Hata kama maji yetu hayagandi, kulanti ina dawa za kuzuia kutu, inalainisha sili ya wotapampu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Nusu kwa nusu ndiyo kiwango cha kulenga. Chini ya theluthi moja, ulinzi wa kutu unakuwa hafifu. Zaidi ya asilimia 70, mchanganyiko unabeba joto vibaya. Angalia kama kopo ulilonunua ni la kuchanganya au limeshachanganywa tayari. La tayari haliongezwi maji.

Rangi si kipimo. Kijani ya kampuni moja na kijani ya nyingine zinaweza kuwa na dawa tofauti kabisa, na zikikutana zinaweza kuganda kama uji. Kwa kuwa umesuuza kila kitu, hii ndiyo nafasi ya kuchagua aina moja inayokubaliwa na mtengenezaji wa gari na kubaki nayo. Hifadhi picha ya lebo kwenye simu.

Hesabu ya kujaza inawachanganya wengi. Tuseme mfumo wa gari lako unabeba lita 5, kama injini nyingi ndogo za lita 1.3 na 1.5. Baada ya suuza ya mwisho, maji fulani yamebaki kwenye bloku na hita hata ukifungua vizibo vyote. Ukianza kumwaga mchanganyiko wa nusu kwa nusu, utaishia na theluthi. Kwa hiyo anza na kulanti tupu, lita 2.5 zote, ndipo ujazie maji safi mpaka juu. Yale yaliyobaki ndani yanakuwa sehemu ya nusu yake.

Kujaza na kutoa hewa

Hewa ndiyo inayoharibu hedi mpya kuliko kitu kingine chochote katika saa za mwanzo. Pale ilipokwama hakuna maji, pasipo maji chuma kinapanda moto, na sensa iliyo kwenye hewa haisomi kitu. Dereva anaona mshale umetulia huku hedi inapinda.

1. Gari liwe baridi. Pandisha mbele kwa jeki na stendi, au liweke kwenye mteremko likitazama juu, ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu kuliko pote.

2. Weka hita kwenye moto kabisa, feni ya ndani kwenye namba ya kwanza, AC imezimwa.

3. Fungua skrubu za kutolea hewa kama gari linazo. Subaru nyingi zina kizibo juu ya rejeta. Noah za zamani na Hiace, ambazo injini iko chini ya viti, zina mabomba marefu kutoka mbele hadi kwenye injini. Hizi zinataka subira ya ziada.

4. Mwaga polepole, kama lita moja kwa dakika mbili, huku ukiminya mpira wa juu na wa chini kwa mkono. Kila ukiminya utasikia hewa ikigugumia na maji yakishuka. Endelea hadi yasishuke. Funga skrubu pale yanapotoka maji bila mapovu.

5. Kabla ya kuwasha, funga pampu ya kupimia presha kwenye mdomo wa rejeta, ipandishe hadi kiwango cha mfuniko, kisha subiri dakika 10 hadi 15. Mshale ukishuka, tafuta tone: kwenye kila klipu, kila kizibo, kapeti ya abiria wa mbele, na chini ya wotapampu. Ni heri kuliona tone injini ikiwa baridi.

6. Ondoa pampu, acha mdomo wazi, washa injini. Kiwango kitapanda na kushuka, ongeza kidogokidogo. Ikianza kupata moto, ipandishe hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa sekunde 20 hivi, iachie, rudia.

7. Subiri themostati ifunguke. Mpira wa juu utakuwa wa moto wakati wa chini bado baridi. Kisha ghafla wa chini nao unapata moto, na kiwango kwenye mdomo kinashuka. Jaza, funga mfuniko.

8. Iache mpaka feni ya umeme iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Hita lazima itoe hewa ya moto, hata injini ikinguruma bila kukanyagiwa. Ikitoa baridi, bado pana hewa.

9. Zima. Jaza kopo la akiba hadi kati ya alama mbili. Acha gari lilale. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko: maji yawe yamefika shingoni. Yakiwa yamepungua na kopo limejaa vilevile, mfuniko haunyonyi au mpira mdogo wa kopo unaingiza hewa.

Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, hata kwa tambara. Presha ikiondoka ghafla, maji ya nyuzi 100 yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni.

Kilomita 1,000 za mwanzo

Wiki ya kwanza, kila asubuhi kabla ya kuwasha: kiwango kwenye kopo, rangi yake, kijiti cha oili, na ardhi chini ya gari. Kushuka kidogo kwa siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, ni hewa ya mwisho inayotoka. Kikiendelea kushuka baada ya hapo, pana tatizo. Usiendelee kuongeza tu.

Ringi mpya na vipande vipya vinasuguana zaidi, kwa hiyo injini inatoa joto zaidi kuliko itakavyokuwa baadaye. Safari ya Arusha hadi Moshi na kurudi, kama kilomita 160 zisizo na mlima mrefu, ni zoezi zuri kwa mwendo wa wastani unaobadilikabadilika. Kupanda Marangu kutoka Himo, au Karatu ukiwa umejaza abiria na mizigo, kusubiri.

Mshale wa dashibodi usiuamini sana. Kwenye magari mengi umetengenezwa ukae katikati kwa nyuzi 75 na kwa nyuzi 105 vilevile, na ukianza kupanda, muda wa kuokoa hedi ni mchache. Gari lenye soketi ya kusomea kompyuta yake (OBD) lifungie kisomeo cha bei ndogo kinachoongea na simu, uone namba halisi. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta, inafaa kuwekewa geji ya ziada yenye king'ora. Andika namba unazoziona kwenye barabara tambarare na mlimani. Ukizijua za kawaida za gari lako, ile isiyo ya kawaida utaiona mapema.

Boliti za hedi zisikazwe tena kwa mazoea. Zile zinazokazwa kwa nyuzi za mzunguko, pamoja na gasketi za bati, hukazwa mara moja tu. Gasketi za zamani za nyuzinyuzi ndizo baadhi yake hutaka kukazwa upya, na kitabu kitasema.

Kilomita 1,000 zikifika, toa kikombe cha kulanti kwenye rejeta na ukiache kwenye chupa angavu usiku kucha. Tope likikaa chini, mwaga yote na ujaze upya. Ni gharama ya lita chache dhidi ya rejeta nzima.

Dalili na zinachosema

Linachemsha likiwa limesimama kwenye foleni, likitembea linapoa: feni. Angalia fyuzi, rilei, soketi iliyosahaulika wakati wa kufunga, na kava la plastiki linaloelekeza upepo. Kwa feni ya klachi ya Land Cruiser, zima injini ikiwa ya moto na uzungushe feni kwa mkono. Ikizunguka huru zaidi ya mizunguko mitatu, klachi imekufa.

Linachemsha mlimani tu: rejeta imeziba ndani au nje, au kiwango kimepungua. Linachemsha kwenye mwendo mkubwa wa tambarare: mpira wa chini unajibana, au mkanda unateleza.

Mapovu yanayoendelea kwenye mdomo wa rejeta hata baada ya themostati kufunguka na feni kuwaka, mpira wa juu kuwa mgumu dakika mbili baada ya kuwasha injini baridi, na kopo la akiba kufurika: hizo ni gesi za mwako zinaingia kwenye maji. Thibitisha kwa kile kifaa chenye kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Kikigeuka njano, gasketi au hedi ina tatizo. Kabla ya kumlaumu mwenye mashine, ulizia kama bapa la hedi na la bloku lilipimwa kwa rula na filagegi (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Toyota nyingi ndogo haziruhusu kupinda zaidi ya milimita 0.05.

Utando wa maziwa chini ya mfuniko wa oili pekee, kwa gari la safari fupifupi kwenye baridi ya Arusha, unaweza kuwa unyevu tu. Endesha saa nzima uangalie tena. Maziwa kwenye kijiti cha oili ni jambo jingine: usiwashe injini tena, kwa sababu beringi mpya hazitavumilia oili yenye maji.

Unga wa kuzibia uvujaji, au yai kwenye rejeta, haufai kwenye injini iliyotoka ovahoo. Unaziba tundu lile, na unaziba hita na njia za rejeta pia.

Likichemsha njiani

Zima AC, washa hita kwenye moto wa mwisho na feni ya ndani kwa kasi, kaa pembeni. Kama hakuna mvuke na maji bado yamo, iache injini ingurume dakika mbili tatu ili maji yazunguke. Kama mvuke unatoka au maji yamemwagika, zima mara moja. Fungua boneti, subiri angalau dakika 45. Usimwagie maji baridi juu ya injini wala ndani yake ikiwa ya moto. Hedi ya aluminiamu inapinda au kupasuka kwa tendo hilo. Ikishapoa, ongeza polepole injini ikinguruma. Maji ya mfereji yanaweza kukufikisha nyumbani, lakini yote yamwagwe na kusuuzwa wiki hiyohiyo.

Ratiba ya baadaye, na kulanti iliyochoka

Kulanti nyekundu ya Toyota ya aina ya zamani hubadilishwa kila kilomita 40,000 au miaka 2. Ile ya waridi ya muda mrefu hudumu kilomita 160,000 za mwanzo ikiwa imejazwa kiwandani, kisha kila 80,000. Kwa injini iliyofunguliwa na kujazwa hiyo ya waridi, hesabu kilomita 80,000 tangu mwanzo, na kama ilichanganywa na chochote kingine, rudi kwenye miaka 2. Mfuniko ukaguliwe kila mwaka. Gari la watalii lioshwe rejeta kila mwisho wa msimu.

Kulanti iliyotolewa ina ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu. Mbwa na mbuzi huilamba, na mtoto anaweza kuinywa. Isimwagwe uani wala kwenye mfongo unaopeleka maji mashambani. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko, iandike wazi, iwe mbali na chupa za kunywea, na uipeleke pale gereji inapokusanyia oili chafu, kwenye chombo chake peke yake, kwa kuwa ikichanganywa na oili hata anayenunua oili hiyo ataikataa.